Jinsi ya kufundisha muziki darasa la watoto 80 bila kinanda, na wote wakashiriki

Shule nyingi za msingi kipindi cha sanaa na michezo kikifika mambo ni mawili, ama watoto wanapelekwa uwanjani na mpira mmoja, ama mwalimu anaandika ubaoni maana ya muziki na aina za muziki, watoto wanakopi, kengele inagonga, basi. Na kama shule ina kwaya mwalimu anachagua wenye sauti ishirini au thelathini anawanoa kwa ajili ya mashindano ya shule za msingi ya UMITASHUMTA au siku mgeni rasmi akija, wale wengine wanakaa pembeni wanatazama mpaka wanamaliza la saba hawajawahi kuongoza hata wimbo mmoja. Kwaya ya shule iwepo, wala siipingi, ila kipindi cha muziki ni cha wale wote 80 na hao waliokaa pembeni ndo walionifanya niandike hii. Huhitaji kinanda wala bajeti, unahitaji mikono yako, vitu vya kuokota mtaani na zile dakika 40 za kipindi.

Jambo la kushika kuliko yote ni hili, sauti itangulie maelezo yafuate. Mtoto akishapiga kitu kwa mikono yake mara kadhaa ndo unamwambia kinaitwaje, sio unampa jina kwanza alafu unamuahidi atakipiga wiki ijayo. Chaki isikae mkononi mwako dakika kumi za mwanzo.

Kuingia darasani

Usianze na "leo tutajifunza". Wakishasalimia na kukaa, piga makofi manne mepesi alafu waoneshe kwa mkono warudie, usiongee. Watarudia. Piga mengine tofauti kidogo, wanarudia, na hapo siri ni moja tu, usikatize mapigo, yani wakimaliza wao wewe uingie palepale kwa wakati, mambo yawe yanazunguka bila shimo katikati. Ukishaona wameshika hama kwenye makofi nenda mapajani, kifuani, kuvunja vidole, kupiga mguu chini, changanya. Alafu mwite mtoto mmoja aje mbele aongoze yeye, na usimwite yule mjanja wa kila siku, mwite wa dawati la nyuma. Darasa lote likimuiga yeye, siku hiyo hatalala kipindi chako tena.

Siku hiyohiyo ya kwanza fundisha alama ya kunyamaza, maana darasa kubwa lenye makopo na vijiti mkononi bila alama ya kunyamaza utaumwa kichwa na kesho mwalimu mkuu anakuita. Mimi natumia ngumi juu. Ngumi ikipanda sauti zote zinakatika, kiganja kikifunguka wanaendelea. Fanya kama mchezo, wapige kwa nguvu, ngumi juu, kimya, fungua, wapige, ngumi tena ghafla, watoto wanaupenda sana maana wanasubiri nani atanaswa anapiga peke yake. Wakishaushika huhitaji kupaza sauti wala kushika fimbo.

Wali, ugali, maharage

Kusoma mapigo kunawatisha hata walimu, noti zile zenye mikia na vichwa vyeusi, lakini Kiswahili chetu kimerahisisha kazi kwa sababu kila silabi iko wazi na inasikika. Tumia chakula. Ndani ya pigo moja la mguu, mtoto akisema "chai" akaivuta kama sauti moja hilo ni pigo zima. Akisema "wa-li" amegawa pigo mara mbili. "U-ga-li" mara tatu. "Ma-ha-ra-ge" mara nne. Na pigo la kukaa kimya waweke kidole mdomoni. Hapo una vitu vitano na kwa vitu vitano unaweza kuandika mapigo mengi kuliko utakayomaliza kwa muhula.

Waambie miguu itembee palepale, kushoto kulia kushoto kulia, mdogomdogo, alafu juu yake waseme: wali, wali, maharage, chai. Wakirudia mara kadhaa waseme na kupiga makofi kila silabi, alafu waache kusema wabaki na makofi tu, maneno wayaseme moyoni. Sasa gawa darasa, upande wa dirishani wapige "wali, wali, maharage, chai" na upande wa mlangoni "ugali, ugali, kimya, wali", waanze pamoja. Mara ya kwanza watavurugika, wape nafasi warudie taratibu, usiwakimbize. Wakija kushikana utaona wenyewe wanatabasamu. Baadae ndo unachora ubaoni picha ya sahani ya wali, kikombe cha chai, na juu ya kila picha unaandika noti yake halisi, mtoto anakuta anasoma noti na hakuna aliyemwambia kwamba ni ngumu.

La pili na la tatu waishie hapo. La tano kwenda juu wape kitu kizito zaidi, tatu juu ya mbili, maana ngoma zetu nyingi sana zinatembea hivo na mtoto asiyeisikia ataicheza ngoma kama anapiga kwata. Njia ninayoiamini ni maneno "cheeeza ngomaa", sema hivi: CHEE-za-ngo-MAA, ya kwanza na ya mwisho uzivute, za katikati fupi, na ukifika mwisho unaanza tena hapohapo bila kupumua. Mikono yote miwili ipige paja kwenye CHEE. Mkono wa kulia peke yake kwenye ZA. Mkono wa kushoto peke yake kwenye NGO. Kulia tena kwenye MAA. Ukisikiliza mkono wa kulia tu umepiga tatu zilizo sawa, wa kushoto umepiga mbili zilizo sawa, na mtoto hajahesabu kitu, amesema tu cheza ngoma. Anza polepole sana, kama mtu anayeongea na mgonjwa, ongeza kasi wakizoea. Wengine watashika siku hiyohiyo, wengine wiki mbili tatu, wote wanafika. Wakishaweza mikono miwili wagawe, hawa tatu hawa mbili, kila kundi na chombo chake, na hapo ushapata msingi wa ngoma.

Kuimba bila kupiga kelele

Hapa ndo tunawaharibu watoto. Mwalimu anasimama mbele anasema "siwasikiii, hamjala?" na watoto wanapasua koo, misuli ya shingo imewatoka, anasema haya sasa ndo mnaimba. Ile sio kuimba na baada ya muda sauti zinakwaruza. Fanya kinyume, waambie waimbe kiasi kwamba kila mmoja amsikie jirani yake. Wakisikilizana wanakaa kwenye sauti moja, wakipiga kelele kila mtu anajisikia mwenyewe.

Jambo lingine ni pale unapoanzishia wimbo. Mwalimu mwanaume anaanza wimbo kwenye sauti yake ya besi, watoto wanajaribu kumfuata chini kule hawafiki, wanaunguruma tu, alafu anasema darasa hili halina sauti. Sauti ya mtoto iko juu kuliko ya mwanaume mzima kwa oktavu nzima, yani kutoka do mpaka do ya juu yake. Kwahiyo ama uanzishie kwa sauti nyembamba ya kichwani, ama mpe mtoto mwenye sikio zuri ndo aanzishe na wewe uongoze mikono. Walimu wa kike hapa wako vizuri zaidi ila nao wasianzie chini sana kwa uvivu wa asubuhi.

Kupima sauti anza na rollcall. Ita majina kwa kuimba kwa noti mbili, ile ya juu kidogo na ya chini yake, sawasawa na mtoto anavyomuita mwenzake ng'ambo ya barabara "Juuu-maaa!", hiyo ndo so na mi na kila mtoto anayo tayari. Unaimba "Aaa-shaaa", naye anajibu kwa noti zilezile "niii-pooo". Darasa la 80 huwezi kuwaita wote kila siku, ita safu moja leo safu nyingine kesho. Ndani ya mwezi ushamsikia kila mtoto peke yake bila mtihani na bila kumwambia anapimwa, na unajua nani anahitaji msaada.

Kutoka so na mi ongeza la, alafu do na re, na hapo zitumie alama za mikono. Zilisambazwa na Mwingereza John Curwen karne ya 19 pamoja na ule mfumo wa do re mi ambao kwaya zetu nyingi za makanisani wanausoma mpaka leo, baadae Zoltán Kodály wa Hungaria akazitumia kwenye ufundishaji wake na zikaenea dunia nzima. Do ni ngumi usawa wa kitovu. Re kiganja kimeinuka mshazari vidole vikielekea juu. Mi kiganja kimelala, kimetazama chini, usawa wa kifua. So kiganja kinakutazama wewe mwenyewe, gumba juu. La mkono unaning'inia kutoka kwenye kifundo, usawa wa macho. Do ya juu ni ngumi tena, juu ya kichwa. Fa na ti ziache kwanza, hizi tano zinatosha kwa nyimbo nyingi sana na hazigombani, watoto wakiimba tofauti kwa wakati mmoja bado inasikika vizuri. Wewe unaonesha mkono tu wao wanaimba, huongei. Wakizoea tumia mikono miwili, wa kushoto unaongoza nusu ya darasa wa kulia nusu nyingine, mmoja ukae kwenye so mwingine ushuke mi mpaka do, na hapo wamesikia sauti mbili kwa pamoja kwa mara ya kwanza maishani na watakuomba urudie.

Yule asiyeshika noti usimwambie hana sauti. Hilo neno mtu anaenda nalo mpaka uzeeni, wako watu wazima wengi hawafungui mdomo hata harusini kwao kwa ajili ya mwalimu mmoja. Mchukue kwenye noti yake kwanza, mwambie aseme "aaa" yoyote, wewe uimbe ileile ya kwake, asikie mmekutana, alafu mpandishe kidogokidogo kama king'ora. Muweke katikati ya wawili wanaoshika vizuri. Na wavulana wa la sita na la saba wanaoanza kubaleghe sauti zinawakatika katikati ya wimbo, wenzao wanacheka, wanaacha kuja. Waambie mapema darasa zima kwamba hilo ni jambo la mwili na litapita, wape mistari mifupi ya chini noti mbili tatu, na wape ngoma washike.

Vyombo

Watume watoto waje na chupa za soda za kioo, makopo ya maziwa ya unga, vizibo. Chupa jaza maji viwango tofauti uzipange mezani ugonge kwa kijiti, ile yenye maji mengi inatoa sauti nzito. Alafu pulizia mdomoni mwa chupa zilezile, safari hii yenye maji mengi inatoa sauti nyembamba. Waache wabishane kwanza kwa nini imegeuka kabla hujawaambia. Ukigonga kinachotetemeka ni kioo pamoja na maji, maji yakiwa mengi mzigo ni mzito na mtetemo unakua taratibu, ukipuliza kinachotetemeka ni hewa iliyobaki ndani, maji yakiwa mengi hewa ni ndogo. Mwalimu wa sayansi atakushukuru.

Filimbi tengeneza kwa bomba la PVC la maji la nusu inchi. Kata urefu wa sentimita 30, 27, 24, 20 na 18, mita moja na robo inakutosha seti nzima, hizo ndo do, re, mi, so na la. Ziba chini kwa nta ya mshumaa au kizibo kinachobana, lainisha juu kwa msasa, mtoto anapuliza kwa kupitisha hewa juu ya mdomo wa bomba. Kata ukizidisha kidogo alafu upunguze kwa kusikiliza, bomba ukilipunguza unaweza, kulirefusha huwezi. Na kila mtoto apewe bomba moja tu, noti moja, sio seti. Hapo wimbo hauchezeki mpaka wote watano wasikilizane na kila mtu aingie pale pake, hakuna anayeweza kulala.

Ndoo ya lita 20 ukiigeuza ni ngoma nzuri sana ila inua upande mmoja juu ya jiwe sauti itoke, ikikaa chini kabisa inabanwa. Makopo weka mchele kwenye moja, mahindi kwenye jingine, kokoto kwenye jingine, wafumbe macho wabashiri. Vizibo vya soda viponde viwe bapa, toboa, funga kwenye waya, zivaliwe mguuni kama njuga. Shule za Pwani zenye matete karibu watengeneze kayamba kabisa, fremu ya matete na mbegu ndani, hiyo ni kazi ya mikono na muziki kwa pamoja.

Nyimbo zitoke wapi

Anza na zile wanazocheza wenyewe mapumziko. Nyama-nyama, nyimbo za duara, zile za wasichana za kupigana makofi wawili wawili, ukizisikiliza vizuri zina mapigo magumu kuliko chochote utakachokuta kwenye kitabu. Waambie wakufundishe wewe. Alafu unauliza mguu uko wapi, wali iko wapi, maharage iko wapi.

Baada ya hapo waite wazee. Ulipo Dodoma kuna Wagogo wenye kuimba sauti nyingi kwa pamoja na wanawake wanaopiga ngoma ya muheme, na huko ndo alikotoka Hukwe Zawose aliyelipeleka zeze na ilimba, chombo cha kupiga kwa vidole gumba, kwenye majukwaa ya dunia. Usukumani kuna bugobogobo na majembe yake, ngoma ya kazi ya shamba. Kila mahali pana bibi au babu anayejua kitu, mkaribishe darasani kwa heshima, nauli na soda visikosekane, na kabla hajaja kaa naye mchague nyimbo pamoja, maana nyingine ni za jando na unyago, zina pahali pake na hazifai mbele ya watoto wote, yeye mwenyewe atakuambia. Kama upo karibu na Bagamoyo TaSUBa, ile taasisi ya sanaa na utamaduni, wapo, Zanzibar kuna chuo cha muziki cha Dhow Countries tangu 2002 wanafundisha taarabu na ngoma, barua ya shule haina gharama. Darasa lenye dini tofauti chagua nyimbo ambazo kila mtoto anaweza kwenda kuziimba kwao bila ugomvi, za dini ziache zikae kwenye vipindi vya dini.

Kwa darasa kubwa nyimbo za kupokezana zinafaa kuliko zote. Mwimbishaji mmoja anajua maneno mengi, waitikiaji 79 wanajua mstari mmoja tu, na baada ya dakika mbili mwimbishaji anabadilishwa.

Watunge wenyewe

Ukifika katikati ya muhula wape kazi ya kutunga, vikundi vya watu nane, mada iwe ya kwao kabisa, bodaboda, foleni ya maji, timu zao, mwenzao aliyehama shule. Wape mstari wa kwanza mfano "shule yetu inapendeza" na waonyeshe inavyokaa: SHU-le, YE-tu, I-na-pe, NDE-za, yani wali, wali, ugali, wali. Sikilizeni pamoja mkazo wa neno unapoangukia. Mkazo wa Kiswahili uko silabi ya pili kutoka mwisho, mwa-LI-mu, shu-LE-ni, na pigo zito la mguu linatakiwa liukute pale. Pigo likiangukia kwenye "mu" ya mwalimu wimbo unasikika kama unaimbwa na mgeni, na nyimbo kibao za kutafsiriwa zina ugonjwa huo. Ukiwafundisha hili moja tu nyimbo zao zitapanda daraja siku hiyohiyo.

Kiitikio wakitunge kwa zile noti tano, wakijaribu kwa mabomba yao, wewe pita kikundi kwa kikundi uliza maswali, usiwatungie.

Kelele ndo lawama ya kwanza utakayopata, mwalimu wa hesabu wa darasa la jirani ana haki yake. Ongea na mwalimu mkuu mapema, omba kipindi cha mwisho kabla ya kutoka au baada ya mapumziko, na siku za vyombo hamia chini ya mwembe. Mvua ikinyesha siku hiyo ni ya alama za mikono na kuimba kwa kunong'ona, ambayo kwa kweli ni mazoezi mazuri sana.

Simu yako itumie kurekodi. Rekodi leo, wasikilizishe, uliza tu "mmesikia nini?" Watakuambia wao wenyewe kwamba mlangoni wanakimbia, kwamba mwishoni walipiga kelele, huhitaji kuwasema. Rekodi tena. Zitunze zote mpaka mwisho wa muhula. Maksi usitoe kwa uzuri wa sauti, angalia kama anashika mapigo, anaingia pale pake, anasikiliza wenzake, anathubutu kuongoza, hivyo vinne kila mtoto anaweza kuvipata.

Na kikao cha wazazi kikiitishwa omba dakika kumi, lisimame darasa zima sio waliochaguliwa, wimbo wao waliotunga, ndoo, mabomba, kila mtu na kitu chake mkononi, na wewe kaa pembeni waongozaji wawe watoto. Mzazi ambaye mwanae hajawahi kuchaguliwa kwenye kitu chochote utamuona anasogea mbele na simu.